Aliyeibiwa Juu ya Ukuta

Ukipeleka tairi kwa Radhamés Turbí, pale barabara ya kiwanda cha sukari mjini San Pedro de Macorís, ulipewa matusi kwanza, huduma baadaye. "Hili tairi umeliendesha au umelitafuna?" alikuuliza huku akilizungusha kwenye beseni la maji kutafuta mapovu. Ukijibu, alikujibu. Ukinyamaza, alitaka kujua kama nyumbani kwenu hamkufundishwa kuongea. Lakini pancha aliyoiziba yeye haikufumuka tena, kwa hiyo watu walikuja, wakatukanwa, wakaondoka na tairi zima. Wakubwa wa mtaa walimvumilia kwa sababu nyingine pia. Walijua hasira ile ilianza siku gani na saa ngapi, maana nao walikuwepo, wamesongamana mbele ya televisheni ya duka la don Nicanor.

Radhamés alikuwa mchezaji wa besiboli. Alisaini akiwa na miaka kumi na saba, akapandishwa ndege kwenda Marekani, na huko akakaa miaka kumi na mitatu kwenye ligi ndogo: miji ya baridi ya kupasua midomo, safari za basi za muda wa saa tisa, na kuku kila mlo kwa sababu "kuku" ndilo neno la Kiingereza alilokuwa na uhakika nalo. Kila msimu waliitwa wengine kupanda ligi kubwa. Yeye aliwasaidia kufunga mabegi. Alipofika miaka thelathini, wakati hata mama yake alishaanza kumuuliza atarudi lini, mchezaji mmoja wa ligi kubwa alivunjika kidole gumba, na simu ikamfikia yeye.

Alikaa ligi kubwa siku kumi na moja. Alisimama kupiga mara sita, na mara sita alirudi benchi bila kufika popote. Mara ya saba ilikuwa Jumanne, awamu ya nane kati ya tisa, timu yake iko nyuma tisa kwa mbili, mashabiki wameshaanza kutoka kutafuta magari yao. Kocha alimwingiza ili mtu mwingine apumzike. Na kule mbali, mbele ya ukuta wa katikati ya uwanja, akiwa na glavu mkononi na jezi ya timu nyingine, alikuwa amesimama Catalino Mañón. Catalino alikuwa mtoto wa mtaa uleule. Walikuwa wamekua pamoja wakipiga vifuniko vya chupa kwa mpini wa ufagio.

Mrushaji alirusha, Radhamés akapiga. Mikono yake ilijua kabla ya macho. Mpira uliopigwa sawasawa hauumizi viganja, hausikiki kama unagusa kitu, unaondoka tu. Ulikwenda juu, ukaendelea kwenda. Ukivuka ukuta, mpigaji huzunguka vituo vyote vinne bila mtu kumgusa na jina lake huandikwa, na jambo hilo kule kwao, ambako huitwa jonrón, linatosha kumfanya mtu atajwe mpaka kwenye mazishi yake. Radhamés alikuwa ameshapita kituo cha kwanza, mkono wa kulia uko hewani. Kule dukani kwa don Nicanor, mama yake, doña Eduviges, alikuwa ameruka kutoka kwenye benchi kwa umri wake wote wa miaka sitini na minne.

Catalino alikimbia kuelekea ukutani akiutazama mpira juu ya bega. Akaweka mguu mmoja kwenye ukuta, akapanda, mkono wake wa glavu ukazama ng'ambo mpaka kwapani. Ukarudi na mpira ndani.

Mpira uliodakwa kabla ya kugusa chini ni mpira uliokufa, hata kama umedakwa mbinguni. Radhamés alisimama kati ya kituo cha kwanza na cha pili, mkono bado uko juu, na watu waliokuwa wakitoka uwanjani wakarudi kumpigia Catalino makofi. Jumatano asubuhi Radhamés alirudishwa ligi ndogo. Hakuitwa tena. Vitabuni wameandika: amepiga saba, amepata sifuri. Catalino alipewa jina la Paka, akacheza ligi kubwa miaka tisa zaidi. Doña Eduviges aliishi miaka minne baada ya hapo, na mpaka anafariki alikuwa akiwaambia watu sokoni, hata wasiomjua, "Mwanangu aliuvusha. Wakamwibia."

Miaka kumi na saba ilipita. Radhamés angeweza kuizoea hasira yake kama mtu anavyozoea goti bovu, lakini mwaka huo Nurys, mwanamke mjane mwenye mdomo mkali kuliko wake, alifungua chumba cha gemu ng'ambo ya ukuta wa mabati wa karakana. Runinga nne, viti vya plastiki, na wanaume wazima waliokaa humo mchana kutwa kana kwamba wameajiriwa. Mara likaja gemu jipya la besiboli, lenye sehemu ya matukio makubwa ya zamani ambayo mchezaji anatakiwa ayarudie mwenyewe. Jumatatu ile, saa nne asubuhi, Radhamés akiwa ameshika tairi la lori, alisikia sauti ya mtangazaji ikipita kwenye mabati:

"Ameiba! Ameiba! Paka ameiba!"

Akadhani amesikia vibaya. Baada ya dakika moja ikaja tena. Kufika saa sita ilikuwa imekuja mara thelathini na nane, maana alihesabu.

"Nurys!" alipiga bati kwa rungu la kubandulia tairi. "Punguza hiyo sauti!"

"Na wewe punguza kompresa yako! Tangu asubuhi inanguruma kama nguruwe mwenye mafua!"

"Kompresa inafanya kazi!"

"Na mimi hapa nauza maua?"

Alitoka, akazunguka, akaingia chumba cha gemu na rungu lake mkononi. Güicho, dereva wa pikipiki za abiria, mwanaume wa miaka arobaini na ushei aliyehamia mtaani baadaye, alikuwa kwenye kiti cha mbele ameshika pedi ya kuchezea. Kwenye kioo Catalino alikuwa anakimbia, kijana, mwembamba, kila kidoti cha uso wake kimechorwa. Jina lake lilikuwa limeandikwa mgongoni na chini ya kioo. Radhamés alimtafuta mpigaji. Alionekana kwa nyuma tu, kwa nusu sekunde. Alikuwa mzungu. Mgongoni hapakuwa na jina, palikuwa na sifuri mbili.

"Huyo nani?" Radhamés aliuliza.

"Nani? Mpigaji?" Güicho hakugeuka. "Sijui, kaka. Si mtu, huyo. Wamemweka tu ili mpira uje."

Nurys, ambaye siku ile naye alikuwepo mtaani, alimpiga Güicho kofi la kisogo. "Wewe punda, huyo ndiye yeye."

"Nani yeye?"

"Yeye! Aliyesimama hapo na rungu!"

Güicho aligeuka sasa. Alimtazama Radhamés, akatazama kioo, akamtazama tena. "Acha utani. Mbona huyu mweupe?"

Radhamés alinyoosha mkono. "Lete hiyo pedi."

Walimwonyesha: kijiti hiki kwa kukimbia, kitufe hiki kwa kuruka. Akawa Catalino. Mpira ukapigwa, ukapaa, yeye akauacha. Alimsimamisha Catalino katikati ya majani kama ng'ombe, na mpira ukapita juu yake, ukavuka ukuta, ukapotea kwenye viti vya mashabiki. Radhamés alivuta pumzi. Maandishi mekundu yakajaa kioo: UMESHINDWA. JARIBU TENA.

Akajaribu tena. Akauacha uvuke. Umeshindwa. Akauacha mara ya tatu, ya nne, ya saba. Watu walianza kumwelewa na hakuna aliyecheka. Kila mara mpira wake ulipovuka, mpira ambao mama yake aliuona ukivuka, mashine ilimwambia kwamba hilo ni kosa na lirekebishwe. Mara ya kumi na moja Radhamés alisimama, mshipa wa shingo umetokeza, na pedi ameinyanyua juu ya kichwa.

"Ukiivunja utailipa," Nurys alisema, lakini kwa sauti ya chini.

Aliiweka juu ya kiti taratibu, kama yai. "Mpira walichukua," alisema. "Sawa. Sasa wamechukua mpaka rangi yangu." Akatoka. Siku ile hakuziba pancha nyingine.

Pengine angekaa na hilo pia. Lakini wiki hiyohiyo kamati ya mtaa ilikuwa inamalizia picha kubwa kwenye ukuta wa uwanja wa watoto: Catalino Mañón hewani, mguu ukutani, glavu inameza mpira, futi kumi na mbili kwenda juu. Aliyeichora alikuwa binti mmoja aitwaye Yojaira, mhitimu wa shule ya sanaa, na Jumapili Catalino mwenyewe angekuja kutoka mji mkuu kuizindua.

Jumapili saa tano jua lilikuwa limeshachoma. Kulikuwa na spika, ngoma, sufuria za mchele na maharage, na mikate ya kukaanga ya akina mama wa kanisani. Catalino alishuka kwenye gari jeupe, kofia ya majani kichwani, tumbo mbele, anachechemea kidogo. Alibusu wazee mashavuni, alikumbuka majina. Hiyo ilimuudhi Radhamés zaidi, kwamba mtu yule alikuwa mwema kwa kila mtu. Akasimama nyuma kabisa, amevaa shati safi, mikono ameikunja kifuani.

Catalino akashika maikrofoni. Alishukuru kamati, akamshukuru Mungu, akaitazama picha yake kwa haya kidogo. Kisha akasema, "Watu wananiuliza, Paka, siku ile ulirukaje vile? Nawaambia, niliruka kwa ajili ya mtaa huu."

"Kwa ajili ya mtaa huu?"

Sauti haikuhitaji spika. Vichwa viligeuka.

"Na aliyepiga alikuwa wa mtaa gani, Catalino?"

Catalino aliweka kiganja juu ya macho kuzuia jua. "Radhamés? Ndugu yangu! Jamani mpisheni, aje huku mbele."

"Mimi si ndugu yako. Mtaje."

"Nimtaje nani?"

"Aliyepiga. Maikrofoni unayo. Mtaje."

Catalino alicheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuhojiwa. "Mnamwona huyu bwana? Miaka kumi na saba bado anakimbilia kituo cha pili!"

Watu walicheka. Si wote, lakini wa kutosha. Radhamés alianza kutembea kwenda mbele, na kadiri alivyosogea ndivyo kicheko kilivyokauka.

"Mlikuwa mnaongoza tisa kwa mbili," alisema. "Tisa kwa mbili, awamu ya nane. Ule mpira ungevuka ingekuwa tisa kwa tatu. Mngeshinda, mngeoga, mngekula, mngelala. Ungepungukiwa nini?"

"Ndiyo kazi, kaka. Mpira ukija, unadaka."

"Basi dakia hapa. Mbele ya hiyo picha yako. Mimi nipige."

"Acha bwana, sisi watu wazima."

"Unaogopa?"

Hapo mtaa mzima ukapiga yowe, maana neno hilo mtu wa San Pedro haambiwi uwanjani akabaki amesimama. Catalino alimpa kofia yake mama mmoja wa kanisani. Mtu akampa glavu. Mtu mwingine akaleta gongo la kupigia mpira. Güicho, ambaye ujanani alikuwa mrushaji hodari kabla ya bega kumsaliti, aliitwa katikati arushe, naye akaja huku akijipiga ishara ya msalaba.

Mpira wa kwanza Radhamés alikosa, na mgongo ukamlia kama mlango. "Radhamés, hilo si tairi!" alipiga kelele mtu. Wa pili ulienda nyuma, ukaangukia kwenye sufuria ya mchele. Wa tatu, wa nne, wa tano, akakosa, akagusa, akakosa. Jasho lilimwingia machoni. Güicho alianza kurusha polepole kwa kumhurumia, na Radhamés akamnyooshea gongo. "Ukinirushia tena kama unamrushia bibi yako, nitakuja huko."

Güicho akarusha kweli.

Mikono ikajua. Mpira ulipaa kuelekea katikati kabisa, na Catalino akaanza kurudi nyuma, hatua fupi, mkono wa kushoto unapapasa ukuta aupate. Akaweka mguu ukutani, juu ya kiatu chake mwenyewe kilichochorwa, akajisukuma. Goti likakataa. Aliteleza ukutani mpaka akakaa chini, na mpira ukapita juu yake kwa urefu wa mtu mzima, ukaanguka kwenye paa la bati la nyumba ya ng'ambo kwa kishindo.

Uwanja ulilipuka. "Kimbia! Zunguka, Radhamés, zunguka!" Nurys alikuwa anaruka na kulia kwa pamoja. Lakini Radhamés hakuzunguka vituo. Alikata uwanja moja kwa moja kwenda ukutani, gongo liko mkononi, na watu waliomjua wakaanza kumkimbilia.

Catalino alimtazama akija. "Usinipige na hilo," alisema. "Goti limeshanipiga."

Radhamés alisimama juu yake anahema. "Mama alikuwa anaangalia."

"Hata mama yangu."

"Mama alikuwa ameruka, Catalino."

"Najua! Walikuwa benchi moja. Mama yangu ndiye aliyemshika mkono, wakaruka wote wawili." Catalino alijifuta uso kwa glavu. "Niliwapigia simu jioni ile nikidhani nitapongezwa. Mama akaniambia, 'Eduviges alikuwa ameshafurahi, mwanangu. Alikuwa ameshafurahi.' Akakata. Wiki mbili hakupokea simu yangu."

Hilo Radhamés hakuwa analijua. Mama yake hakuwahi kumwambia nani alimshika mkono.

"Na tisa kwa mbili yako," Catalino aliendelea, sasa naye amekasirika, "unadhani siikumbuki? Asubuhi ile kocha aliniita ofisini. Jumatano ilikuwa yangu mimi. Mimi ndiye niliyekuwa narudishwa ligi ndogo, nina mke mjamzito na tiketi kabatini. Nilipodaka ule mpira wakabadili, wakamrudisha mwingine."

"Basi sema hivyo! Kwa nini unatudanganya kwamba uliruka kwa ajili ya mtaa?"

"Nisemeje mbele ya watu? Kwamba niliruka kwa woga?"

"Ndiyo!"

Watu waliofika karibu walisimama hatua chache nyuma, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuingilia.

"Wewe ungeuacha?" Catalino aliuliza. "Sema kweli. Wewe una tiketi kabatini, mimi ndiye niliyepiga. Ungeuacha uvuke?"

Radhamés alitazama ng'ambo ya ukuta, kwenye lile paa. "Nisingeuacha."

"Basi sasa?"

"Basi hicho ndicho kinachoniua, mjinga wewe! Miaka kumi na saba nakukasirikia, na ningefanya hivyohivyo!" Alilitupa gongo. Kisha akamkamata Catalino kwapani na kumnyanyua, bila upole wowote, kama anavyonyanyua tairi la trekta. "Nenda kaseme."

Catalino alienda akichechemea mpaka kwenye maikrofoni, na safari hii hakutabasamu. "Aliyepiga ule mpira ni Radhamés Turbí, mtoto wa marehemu doña Eduviges," alisema. "Tulikuwa tunaongoza tisa kwa mbili. Mimi niliogopa kurudishwa, ndiyo maana niliruka." Watu hawakujua kama wapige makofi au wanyamaze. Mama mmoja wa kanisani alisema "Amina," na ngoma zikaanza upya.

Radhamés alikuwa amefikiri kwamba siku atakapolisikia jina lake kwenye spika, kitu kitamtoka kifuani. Hakikutoka. Alirudi nyumbani, akala maharage yaliyobaki, akajilaza, akaamka bado ana hasira. Tofauti ni kwamba sasa hasira ilikuwa haijui iende kwa nani. Hilo lilimchosha kuliko zamani. Jumatatu gemu lilikuwa lilelile, mpigaji mweupe yuleyule asiye na jina, na mtangazaji akipita kwenye mabati, ameiba, ameiba. Lakini mara mojamoja kulikuwa na ukimya mle ndani, kisha Güicho akapaza sauti, "Radhamés! Huo tumeuacha uvuke!"

"Rudini mkafanye kazi, wavivu nyie!" alijibu, na kompresa akaifungulia mpaka mwisho.

Alhamisi Yojaira alirudi uwanjani na ngazi na makopo ya rangi. Kamati ilikuwa imeamua mpigaji naye aongezwe. Radhamés alikaa siku nzima akijifanya hana habari, kisha saa tisa akafunga karakana, akaenda. Alikuta amechorwa kwenye kona ya chini, mdogo kama chupa, mweusi kama alivyo, na gongo begani. Bega la kushoto.

"Binti," alisema. "Huyo nani?"

"Ni wewe, don Radhamés."

"Mimi napiga upande wa kulia."

Yojaira alishuka ngazi moja. "Nafasi ilikuwepo upande huu tu. Nikikugeuza, gongo linaingia kwenye mlango wa choo huu hapa ukutani."

"Liingie! Kule kwenye gemu wamenifanya mzungu na sifuri mbili mgongoni, sasa unanifanya mkono wa kushoto? Futa!"

"Don Radhamés, rangi haijakauka hata—"

"Ndiyo wakati wa kufuta!"

Binti alimtazama, akamwona hatanii, akachukua kitambaa. Ilimchukua siku mbili. Radhamés alisimama chini ya ngazi siku zote mbili, wateja wakimpigia honi kule barabarani na yeye hageuki. "Kiwiko juu. Juu zaidi! Nani kakwambia napiga kama mtu anayefagia? Na uso usiufanye wa upole, sikuwa mpole. Tena umenifanya mdogo mno, nipandishe hapo, nipandishe mpaka mtu aliye barabarani anione."